Bei ya Mwenyeji

Ornella alinituma kununua nyumba
kama anavyonituma nyanya na dania.
"Nenda wewe, Mbeyu. Wakiniona mimi, bei inapanda ngazi."
Kweli. Hata dafu humwona kwa mbali
likajiongeza shilingi ishirini.

Akanivisha saa yake. Akanipa mkoba
unaonuka ngozi na sigara,
ndani hamna kitu ila simu yangu ya kioo kilichopasuka
niliyoapa sitaitoa.
Dera niliazima kwa Kahaso.
Viatu tu ndivyo vyangu,
na viatu ndivyo alivyovitazama Shebwana dalali
kabla hajanisalimu.

Ghorofa ya tatu, njia ya Casuarina.
Vyumba viwili. Chini, bwawa lisilo na muogeleaji
na mlinzi anayeopoa majani kwa wavu mrefu:
Chengo, tulikaa dawati moja darasa la sita.
Akanitazama, akaamua hanijui.
Mungu ampe umri.

"Mzungu mmoja nimemtajia kumi na moja.
Lakini wewe wa hapa, damu moja, tutasikilizana.
Saba."
Saba, kama anayeuza mafungu ya mchicha.
Neno milioni halikutamkwa. Lilikaa pembeni
kimya, kama mkwe.

Nikafanya nilivyofunzwa na mama sokoni:
nikacheka, nikageuka kama naondoka.
Nikauliza mgao wa maji, nikauliza kunguru,
nikauliza lifti iliyofungwa kwa mnyororo.
Nikakwangua ukuta kwa ukucha,
rangi ikabanduka kama magamba ya samaki wa juzi.
Sita na nusu.
Nikaguna.
Sita na robo.
Nikatazama saa isiyo yangu.
Sita.
Mdomo wangu siku ile ulikuwa na nyota;
ningeendelea kidogo, ningepewa nyumba na sambusa juu yake.

Akatoka kupokea simu.

Nikabaki chumbani, mimi na bei ya mwenyeji.

Kitanda cha mama kikae hapa, jua la asubuhi lisimchome.
Cherehani hapa.
Na hapa pasiwekwe kitu, pawe pa kupita tu,
maana sijawahi kuwa na mahali pa kupita tu.
Kisha hesabu ikaja bila kuitwa:
elfu kumi na nne kwa mwezi,
bila kula, bila kuugua, bila kuzika mtu,
miaka thelathini na mitano
na miezi tisa, kama mimba.

Husemwa mgeni aje, mwenyeji apone.
Haisemwi apone nini,
wala ni baada ya mgeni wa ngapi.

Kwa wakili, Ornella aliingia na kalamu yake mwenyewe.
Shebwana hakushtuka. Aliniinamia sikioni:
"Wewe wa nne mwaka huu. Nyote huwa ni viatu.
Tajiri wangu alitaka tano na nusu."

Wakili akaeleza pole pole, kwa Kiitaliano cha hotelini:
mgeni hapewi ardhi ya milele,
sheria humpa miaka tisini na tisa, basi.
"Basi!" Ornella akacheka; ana sitini na nne.
"Mingine nitamwachia paka."

Nilicheka pia, ndiyo kazi.
Lakini nilikuwa Muyeye, kwenye nyumba ya mama,
udongo na mawe ya kuokota,
kiwanja alichozaliwa, akanizalia,
kisicho na karatasi hata ya mwaka mmoja,
na yule bwana wa suti anayekuja kila mvua zikikatika
kupima mlango wetu kwa kamba,
hasemi kitu, anaandika.

Siku hizi ufunguo wa akiba ninao mimi.
Jumanne na Ijumaa, Ornella akiwa kwao,
nafagia chumvi kibarazani, namlisha paka,
kisha nafungua mfereji wa maji ya moto.
Naweka mikono.
Nahesabu moja hadi sita.
Nafunga, nakaza sana,
kama mtu anayelipa bili.